Kivuli Pekee Katika Shamba la Zabibu

Siku yangu ya mwisho kazini, Agripina, ambaye sasa ana funguo zangu zote, aliniuliza kama anaweza kulikata lile shina la isale lililosimama kichwani mwa mstari wa tisa. Alisema linatia kivuli kwenye mashina mawili ya kwanza, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuwa zabibu za huku juu hazitaki kivuli hata cha kofia. Swali zuri sana. Sikuweza kulijibu palepale kwa sababu keki ilikuwa inakatwa na wanakwaya walishaanza kuimba, nikamwambia nitaandika. Basi nimeandika. Agripina, soma na wenzako, na mkiona nimerefusha mnivumilie, maana nimestaafu na sina pa kukimbilia.

Nilianza kazi hapa Kibosho, juu kabisa, pale kihamba cha mwisho, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kinapopakana na msitu. Kabla ya hapo nilikuwa mpogoa kahawa. Tangu usichana wangu nilijua kahawa kama ninavyojua kusuka nywele, na ukinipa mkasi nilikuwa naweza kupogoa huku nikipiga soga bila kuangalia mkono. Nilikuwa najiona fundi. Aliyenitoa kiburi ni Mwalimu Silvani, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye aliwahi kusoma ng'ambo katika nchi ya milima. Huko aliona watu wakilima zabibu kwenye miteremko ya baridi, akarudi na wazo moja lisilomtoka kichwani kwa miaka yote aliyofundisha. Alipostaafu tu, aling'oa kahawa zake zilizozeeka akasimika nguzo na nyaya. Majirani walisema anajenga uzio wa kuku.

Mjue kwamba wakati ule, na hata sasa, mtu akisikia zabibu anasema Dodoma. Zabibu ni za jua kali na mchanga. Huku kwetu mtu anavaa sweta kwenda kukamua ng'ombe, na ikifika saa sita mchana wingu linashuka kutoka msituni linakaa juu ya paa kama limelipa kodi. Nani alime zabibu hapa? Lakini Mwalimu alikuwa na vipando vyake, amevipata huko na huko, vingine nilimwona akivitoa kwenye begi vimeviringishwa kwenye gazeti na kitambaa kibichi. Sikumuuliza vimepitaje uwanja wa ndege.

Siku ya kwanza alinipa mkasi mpya akanipeleka kwenye shina moja. Nikalipogoa vizuri, kwa adabu zote za kahawa, nikaacha matawi manne marefu ya kupendeza. Akaja, akatazama, akavua miwani.

"Mama Adela, acha macho mawili tu kila tawi. Mengine yote kata."

"Mwalimu, nitaliua."

"Kata."

"Shina la mwaka mmoja, Mwalimu!"

"Kata, mama. Usipokata litakupa majani ya kulishia mbuzi, na mimi sina mbuzi."

Nikakata huku najiona kama ninamnyoa mtoto wa watu bila ruhusa ya mama yake. Baada ya wiki tatu yale macho mawili yakachipua, machipukizi mekundu kwa chini, manene, yenye nguvu ya ajabu. Nilikimbia kumwita Deo, mwenzangu wa kazi, aje aone. Nilikuwa na umri wa mama mzima lakini niliruka. Tangu siku hiyo nilikuwa nafika kazini kabla ya jogoo wa Mwalimu.

Sasa niwape kosa letu la kwanza, ambalo nadhani hakuna watu wengine duniani wangelifanya. Mwaka wa pili Mwalimu alisafiri kwa muda mrefu, akatuachia shamba mimi na Deo. Tukawa tunayatazama yale mashina yamesimama uchi kwenye jua, roho zinatuuma. Sisi tumezaliwa kwenye vihamba. Kwetu kahawa inakaa chini ya mgomba, magimbi yanakaa chini ya mgomba, na hata kuku anataga chini ya mgomba. Kitu kilichoachwa juani peke yake, kwetu, ni kitu kisicho na mwenyewe. Tukaona huruma. Tukaleta miche ya migomba, mizuri, ya kuchagua, tukaipanda katikati ya mistari yote ishirini, tukamwagilia na tukaweka mbolea ya ng'ombe. Hatukuomba malipo ya ziada. Tulikuwa tunamngoja Mwalimu atushukuru.

Mwalimu alirudi wakati migomba imeshapita urefu wa mtu. Alisimama getini akaitazama.

"Nani amepanda hii?"

"Sisi, Mwalimu," akasema Deo kwa furaha. "Tumezipa kivuli."

Mwalimu akakaa juu ya jiwe. Alicheka mpaka akatoa leso, kisha akasema, "Sitaing'oa. Tutaiacha tuone pamoja." Ndivyo alivyokuwa. Hakukufundisha kitu ambacho makosa yako yangeweza kukufundisha vizuri zaidi.

Tukaona. Zabibu za kwanza zilitoka chini ya kile kivuli chetu kizuri zikiwa zimefunikwa na ukungu mweupe kama majivu ya jikoni. Tulipiga salfa, tukapiga na mrututu ule wa bluu tuliozoea kupiga kwenye kahawa, lakini wapi. Hapo ndipo Mwalimu aliponichorea ardhini kwa fimbo. Huku juu jua tunalipata kwa kipimo, asubuhi mpaka wingu lishuke, basi. Zabibu inaiva polepole, na kila saa ya jua unayoinyima unaikuta kwenye ladha. Kwa hiyo migomba ikatwe, na ikatwe siku hiyohiyo.

Deo alikataa. Mingine ilikuwa imeshatoa mikungu michanga, na kwetu hakuna anayekata mgomba wenye mkungu mchanga akalala usingizi mzuri. Nikachukua panga mwenyewe. Jirani yetu Mae Anastela alikuja akasimama kwenye mpaka, mikono kiunoni. Mae ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu, na huyu alikuwa mama wa watu wote kwa nguvu, ukitaka usitake. Alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mashuhuri kuliko wote upande huu wa mlima.

"Mae!" akaniita. "Unaua migomba yenye mimba kwa ajili ya vijiti?"

"Ni agizo la Mwalimu, Mae."

"Mwalimu amesoma sana. Wewe je?"

Nilikata nikilia, na siwafichi. Lakini mwaka uliofuata, Februari, jua lilipoingia moja kwa moja kati ya mistari, zabibu zikageuka rangi! Kijani, halafu waridi, halafu nyeusi yenye vumbi la bluu juu yake. Kima walitoka msituni kabla yetu, na nawaambia, kile kidarubini cha kupimia sukari ni kizuri lakini kima ni bora zaidi. Wakianza kuja saa tatu asubuhi, chuma kesho yake.

Tukachuma, tukaponda kwa miguu iliyosuguliwa mpaka visigino vikang'aa, tukajaza mapipa mawili ya plastiki. Mwalimu akashuka Moshi mjini kutafuta chupa na vizibo, akasema atakaa huko siku chache. Siku ya tatu povu likapanda. Likapanda kweli, likavimba na kufoka, pipa likawa linaongea. Mimi na Deo tukatazamana. Mbege ikitoa povu la namna ile, siku yake ndiyo hiyo, na ukichelewa inachacha. Tukamwita Mae Anastela aje kama mtaalamu. Alikuja na kata yake mwenyewe, akachota, akanywa, akafumba macho.

"Imeiva," akasema. "Mkiiacha mpaka kesho mtaimwaga."

Mwalimu hakuwepo, na simu yake haikupatikana. Kwa nia njema kabisa, ili jasho la mtu lisipotee bure, tuliita majirani tukainywa. Yote. Mapipa mawili. Tuliimba, tukamwombea Mwalimu maisha marefu, na Deo alitoa hotuba. Mwalimu aliporudi na chupa zake alikuta mapipa yameoshwa na kuanikwa vizuri, na kitongoji kizima kinaumwa tumbo. Vyoo vya watu havikupata nafasi ya kupumzika siku mbili. Nilipomweleza, aliuliza kitu kimoja tu: ilikuwa na ladha gani? Nikamwambia tamu na chungu pamoja, inachoma puani. Akaandika kwenye daftari lake, "Chachu nzuri," akaenda kulala bila kula. Niliumia kuliko kama angenifokea.

Desemba ikafika. Mnajua Desemba ya Uchagani, watoto wote wanapanda kutoka Dar na magari yao na kila mtu anakuwa na maoni. Gasper, mtoto wa kwanza wa Mwalimu, alikuja, akatembea kati ya mistari na viatu vyeupe, akauliza divai iko wapi. Deo akajidai anakaza waya.

"Mama Adela, mimi sigombani na mzee," akaniambia pembeni. "Lakini hii ni stresi tu. Parachichi ndiyo mchongo sasa. Watu wanakuja na malori mpaka shambani."

Wakakaa baba na mtoto, wakakubaliana mbele yangu. Mavuno yajayo ndiyo ya mwisho ya majaribio. Krismasi ijayo divai inywewe mezani, familia nzima ikiwepo, na kama haifai mashina yote mia nne yatang'olewa yapandwe maparachichi. Gasper hakutaka tusahau. Kabla ya kurudi Dar alileta miche ya parachichi kwenye viriba vyeusi, akaipanga getini. Kila asubuhi nilikuwa napita mbele yake, inanitazama. Nilijua nikishindwa nitarudi kupogoa kahawa ya watu, na hilo ningelivumilia. Ambalo nisingelivumilia ni kuyaona yale mashina yameng'olewa. Nilikuwa nayapenda, na nayasema haya sasa bila aibu kwa kuwa wakati ule ningechekwa.

Mavuno yale yalikuja na balaa lake. Mwalimu aliugua kifua akalazwa mjini, hospitali ya Mawenzi, wiki ileile kima walipoanza kuja. Kabla hajapanda gari aliniita. "Mapipa yakae kwenye ghala la mawe. Mbali na moshi, mbali na mifugo, divai inavuta harufu ya kitu chochote. Na msibadilishe kitu mpaka nirudi. Umenisikia?" Nikasema nimesikia.

Tukachuma siku tatu tukikimbizana na masika. Siku ya tatu mvua ilitukuta mstari wa kumi na sita, maji ya baridi yanaingia shingoni, vidole havikunjiki, na Deo anaimba nyimbo za Kwaresima ili tusife moyo. Tukapata mapipa matano. Kwenye kila kifuniko nilitoboa tundu, nikapitisha mrija wa dripu nilioununua duka la dawa, ncha yake nikaizamisha kwenye chupa ya soda yenye maji. Divai ikipumua, maji yanasema bluk. Ghala zima likawa linasema bluk, bluk, bluk, na mimi nakaa kwenye ndoo nasikiliza kama watu wanavyosikiliza mpira redioni. Raha iliyoje!

Siku ya tano nikaingia ghalani, kimya. Pipa moja tu la karibu na mlango lilikuwa likikohoa mara mojamoja. Nikaonja. Tamu kama soda, haijafika popote. Nje mvua inanyesha, ukungu umeingia mpaka mlangoni, na kuta za mawe ukizigusa zinakung'ata. Nikampigia simu Mwalimu. Akapokea Gasper, aliyekuja kumuuguza.

"Shikamoo, Mama Adela. Mzee amelala. Kuna shida?"

Nikaiona ile miche ya parachichi getini. "Hakuna shida," nikasema. "Msalimie."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini, na nilivaa gamboti nikaenda kwa Mae Anastela nikiwa nao moyoni. Alikuja bila kuuliza. Hakuonja. Aliweka shavu na sikio kwenye pipa, mkono mwingine ameninyamazisha, akakaa hivyo muda mrefu. Akahamia la pili.

"Haijafa," akasema. "Imesinzia. Ina baridi."

"Una hakika, Mae?"

"Mbege yangu hufanya hivi mwezi wa saba nikiisahau nje. Unadhani mimi naipasha kwa vitabu? Ilete kwangu, ikae na ng'ombe."

Nyumba yake ilikuwa ya kizamani, ng'ombe wanne wanalala ndani upande mmoja, na ukiingia pale siku ya mvua miwani inajaa ukungu kwa joto lao. Nikakumbuka agizo, mbali na mifugo. Nikamwambia divai inavuta harufu. Akasema harufu ya ng'ombe haijawahi kumuua mtu, ila divai iliyokufa itaniua mimi. Nikafikiri, nikaona kuna vitu viwili tu, kumtii Mwalimu na kupoteza shamba lake, au kumkosea na kuliokoa. Nikamwita Deo alete toroli.

Pipa lililojaa halibebeki kwenye mteremko wenye tope. Tulihamisha kwa madumu, tunamimina, tunapanda, tunateleza, tunamimina tena, asubuhi mpaka jioni. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kule kumiminamimina ndiko kulikoipa hewa iliyohitaji, lakini siku ile nilidhani ninaiharibu. Pipa lile lililokuwa likikohoa tukaliweka katikati kabisa, likaanza kuchangamka, na kila lilipochangamka nilichota ndoo nikagawia mengine manne, kidogokidogo, kama unavyoanza kumlisha mgonjwa uji. Mae Anastela alitaka kutia unga wa ulezi. Aliuleta kwenye ungo kabisa.

"Hii ndiyo inaamsha, mwanangu."

"Mae, ukitia ulezi nitakaa juu ya kifuniko usiku na mchana."

"Basi itakufa na ujeuri wako."

Tulisuluhishwa na Deo. Ulezi ulibaki kwenye ungo, lakini gunia la ulezi likafungwa kulizunguka pipa, pamoja na majani makavu ya migomba. Vifuniko nikaviziba kwa nailoni na vipande vya mpira wa baiskeli ili harufu isiingie. Marufuku kuwasha moto. Mae Anastela alihamishia jiko lake kibarazani kwa ajili yetu, kwenye mvua, na alinikumbusha jambo hilo mpaka siku ya kufa kwake.

Siku tatu hakuna kitu. Asubuhi ya nne nilifika Mae akiwa anakamua. Maziwa yanapiga kwenye ndoo, ng'ombe anatafuna, mimi nimesimama nimeshika shavu. Kisha nikasikia bluk.

"Ni ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe gani anasema hivyo?" akauliza Mae, hajaacha kukamua.

Bluk. Halafu la pili yake, halafu la pembeni. Nikapiga kelele mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo! Maziwa yakamwagika yote, Mae akanitukana kwa Kichagga maneno ambayo siyaandiki, kisha tukakumbatiana kwenye yale maziwa na samadi, tunacheka. Mapipa matano yakapumua wiki mbili mfululizo. Ilipotulia, nilionja, ilikuwa kavu na safi. Tukairudisha ghalani, tukaichuja mashapo kwa mpira wa maji mara ya kwanza na ya pili, na nilinusa kila dumu nikitafuta ng'ombe. Sikumpata.

Kilichobaki kilikuwa Mwalimu. Nilichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikalifunga fundo, nikashuka Moshi. Kwa ambao wamekulia mjini, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani, na ukimkosea mtu unamletea jani lake kuomba msamaha. Akiletewa, hakatai. Nikaliweka juu ya shuka, nikaeleza yote, uongo wa simu na zizi. Gasper alikuwa amekaa kitandani kwa baba yake, akacheka.

"Jani, Mama Adela? Siku hizi si watu wanatuma meseji?"

Mwalimu hakucheka. Alilichukua lile jani, akalishika. "Inanuka ng'ombe?" akauliza. Nikasema hainuki. "Basi nimelipokea. Ila huyu hapa," akamtazama mwanawe, "hana habari na majani. Yeye umngoje Krismasi."

Nikamngoja. Lakini yeye hakungoja. Oktoba, asubuhi moja, nilifika shambani nikakuta mstari wa tisa umelala chini, mizizi juu, majani bado mabichi. Gasper alikuwa hapo na vibarua wawili, anapima mashimo.

"Ni jaribio tu, Mama Adela. Mstari mmoja."

"Tulisema Krismasi."

"Krismasi si kesho kutwa?"

Niliokota matawi magumu ya yale mashina, nikayakata vipande vipande, nikayabeba kwenye khanga kwenda kwangu, nikayachomeka kwenye udongo mbichi nyuma ya jiko. Nilikuwa na hasira ya kuweza kung'ata mti. Mwalimu, aliyekuwa bado anajiuguza nyumbani, alipoambiwa alikaa dirishani siku nzima na fimbo yake.

Krismasi ilikuwa na machalari ya ndizi na nyama, mbuzi wawili na mbege ya Mae Anastela. Watu walijaa uani. Mwalimu, amekonda lakini amevaa suti, alifungua chupa mwenyewe akammiminia Gasper kwanza. Mimi nilisimama nyuma ya viti na sinia la viazi nililosahau kulitua. Gasper akanusa. Akanywa. Akanywa tena, akaitazama glasi kwenye mwanga. Mimi nilishaonja, nilijua anachokutana nacho, ule ukali wa limau changa unaokuamsha ulimi, halafu zambarau, halafu ubaridi wa asubuhi yetu hii ya huku juu.

"Mzee, hii umenunua wapi?"

"Ni ya hapa."

"Ya hapa wapi?"

"Ya mstari wa kwanza mpaka wa ishirini," akasema Mwalimu taratibu. "Na wa tisa umo humo."

Gasper akaiweka glasi mezani. Mae Anastela akadakia kutoka upande wa mbege, kwa sauti ya kusikika mpaka parokiani: "Imelala na ng'ombe wangu hiyo! Ulizeni!" Watu wakaangua kicheko, glasi zikaanza kunyooshwa, na mimi ndipo nikatua viazi.

Kesho yake asubuhi nikasikia mtu getini kwangu. Ni Gasper, peke yake, amevaa kandambili za baba yake. Mkononi ameshika isale, si jani, bali shina zima, limekatwa kwa panga, refu kama yeye, majani yanaburuta chini.

"Shikamoo, Mama Adela."

"Marahaba."

"Sijui linafungwaje," akasema. "Nimeona nilete lote."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu Oktoba, marefu na makali. Yote yakapotea. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya geti, kisha nikagundua ninalia, na yeye pia macho yamejaa. Nikalipokea. Nikampeleka nyuma ya jiko, nikamwonyesha vile vijiti. Vingi vilikuwa vimekufa, lakini vilivyobaki vilikuwa vimetoa majani mapya mekundu kwa chini, vinatosha mstari mmoja. Aliinama akavihesabu.

Masika yalipoanza alichukua likizo akaja kuchimba mashimo ya mstari wa tisa mwenyewe, bila kibarua, viatu vyeupe vikaisha palepale. Miche ya parachichi iligawiwa majirani, na Mae Anastela alichukua minne. Lile shina la isale sikuwa na pa kuliweka, nikalichomeka kichwani mwa mstari ule. Nilidhani litakauka. Mnaliona lilivyo leo.

Kwa hiyo, Agripina, usilikate. Yale mashina mawili chini yake huchelewa kuiva kwa wiki nzima, yachumeni ya mwisho. Ndicho kivuli pekee nilichokiruhusu shambani mle, na kupunguza majani yake si kazi yako. Gasper hupanda kutoka Dar kila Desemba, anavaa zile kandambili za marehemu baba yake, na huyapunguza mwenyewe.